Wakuu, redio ya muziki wa klasiki imegeuka kipindi cha kusoma meseji. Ni mimi tu niliyechoka?

Sikio Wazi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni zaidi ya mwaka. Jana usiku limenifika shingoni, nikaona nilimwage hapa, maana najua humu wamo watu wanaokaa chini kabisa kuusikiliza muziki huu, si wanaowasha redio ili chumba kisiwe kimya.

Ilikuwa Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne. Wanaoijua wanajua inavyowahadaa watu. Sehemu ya tatu ni mwendo wa gwaride, inapanda, inapanda, mpaka unaamini ndiyo tamati, na katika kumbi nyingi watu huanza kupiga makofi hapo. Kumbe bado. Sehemu ya nne inaingia taratibu, nzito, kama mtu anayesema huku koo limemkaba, na inaishia kwa cello na besi kubwa, zile ala za nyuzi zenye sauti nzito, zikizama chini mpaka huzisikii tena. Mtunzi ameziandikia p nne. P moja kwenye karatasi ya noti ni agizo la kupiga kwa sauti ndogo. Nne ni pumzi tu. Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1893, na siku 9 baadaye akafariki.

Basi nimeongeza sauti ya redio, kwa sababu bila kuongeza p nne huzipati. Nimeinamia spika. Besi bado zinapumua, mtangazaji huyo kaingia: asanteni kwa meseji zenu, msikilizaji wetu mmoja anasema simfoni hii imemsindikiza mpaka kamaliza kupiga pasi nguo za wiki nzima! Kwa ile sauti niliyokuwa nimeweka, ilikuwa kama mtu kaupiga mlango teke. Kabla sijashusha, ikalia kengele ya chemsha bongo.

Nilizima redio nikakaa gizani. Si kwa hasira. Nilikuwa natafuta ile pumzi ya mwisho kichwani, nikaikosa.

Simlaumu aliyekuwa anapiga pasi. Ana haki yake, na huenda aliisikiliza vizuri kuliko mimi. Lawama yangu ni kwa kituo, kwa kuichukua sekunde ile na kumpa mtu mwingine. Na si jana tu. Siku hizi kati ya sehemu ya kwanza na ya pili ya simfoni wanasoma meseji mbili. Asubuhi wanapiga sekunde 10 za kazi fulani, wanaikata, wanatuambia tutaje jina, na hiyo kazi yenyewe hatuisikii tena siku nzima. Wasikilizaji wanatuma sauti zao kwa simu, zinapigwa juu ya muziki ulioshushwa chini kama kapeti. Kila siku kuna swali: muziki gani unakukumbusha mvua, muziki gani wa kupikia, muziki gani wa kulaza mtoto. Halafu muda ukibana, kinachopunguzwa ni muziki. Kazi ya sehemu nne inapigwa sehemu moja, ile ya polepole, halafu tunaelekea kwenye taarifa ya barabarani.

Wanaita ushirikishaji wa msikilizaji. Mimi nasema nilikuwa nashiriki tayari. Nilikuwa nimeinamia spika.

Naomba kuwasilisha.

---

Mpenda Fidla

Naunga mkono hoja, mkuu. Mimi kilichoniuma zaidi ni Haydn, Simfoni ya 45, ile ya kuaga. Aliitunga mwaka 1772, wanamuziki wake wakiwa wamezuiliwa kwenye jumba la bwana aliyewaajiri kupita muda waliotarajia, wanataka kurudi kwa wake zao. Mwishoni kila mpigaji anamaliza mstari wake, anaondoka, mpaka zinabaki violini mbili. Siku niliyoisikia redioni walipobaki watatu au wanne mtangazaji akaanza kutusomea nani kapata tiketi za bure. Sijui kama zile violini mbili zilipigwa au la.

---

Zamu ya Usiku

Habari za humu. Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na maumivu yako nimeyaelewa, ila ruhusu nikupinge kidogo.

Nafanya kazi usiku, peke yangu, saa 8 mfululizo. Huu muziki sikuzaliwa nao. Niliufikia kwa sababu mtangazaji mmoja wa usiku alisoma meseji ya mtu aliyeomba kwinteti ya Schubert, yaani kazi ya wapigaji watano, yenye cello mbili, akieleza kwa sentensi mbili tu kwamba aliisikiliza mwaka aliofiwa. Kama ile meseji isingesomwa, ningeiacha ipite kama nilivyoziacha nyingine. Nilibaki nikisikiliza ili nijue huyo mtu alisikia nini humo. Ile sehemu ya pili, nyuzi tatu za katikati zinashikilia noti ndefu kama mtu hajapumua, violini ya kwanza juu inasema neno mojamoja, na cello ya pili chini inadonoa nyuzi kwa kidole. Nilisimamisha kazi. Dakika kama 14 sikufanya chochote.

Schubert aliitunga 1828, mwaka ule ule aliokufa akiwa na miaka 31, wala hakuwahi kuiona imechapishwa. Haya yote nimeyajua baadaye, kwa kuanzia kwenye meseji ya mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo mkiniambia meseji zifutwe, nitasema hapana. Saa 9 usiku kusikia kwamba kuna mtu mwingine macho, anasikiliza kitu kile kile, si jambo dogo.

---

Sikio Wazi (mleta mada)

Zamu ya Usiku, asante. Umenifanya nifikiri upya, na nakiri neno langu la "kusoma meseji" nimelitupa kwa wote kama vile zote ni sawa.

Lakini hebu tazama ulichosimulia mwenyewe. Meseji ile ilisomwa KABLA. Ilikuwa ya sentensi mbili. Ilihusu kazi ile ile. Na baada yake kazi ikapigwa nzima, ukaachwa nayo. Mtangazaji alikufungulia mlango akasogea pembeni. Hicho ndicho ninachokililia. Angekuja dakika ya 13 kukusomea ya kwako, ungekuwa umepata nini?

---

Msoma Noti

Wakuu, kabla hatujaanza kusema kwamba zamani watu walikaa kimya kama msikitini au kanisani, historia haituungi mkono. Ukimya wa kumbi ni mambo ya karne ya 19 kuja huku. Desemba 1813 Vienna, Simfoni ya 7 ya Beethoven ilipopigwa kwa mara ya kwanza, watu walidai sehemu ya pili irudiwe papo hapo, ikarudiwa. Mozart naye alimwandikia baba yake kutoka Paris tarehe 3 Julai 1778 kwamba katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake mpya aliweka kifungu alichojua kitawapendeza, na kweli wakapiga makofi muziki ukiendelea. Hakukasirika, alifurahi sana.

Sasa tukisema msikilizaji asiingilie, tunamtetea nani? Watunzi wenyewe walitaka watu waitikie.

---

Sikio Wazi (mleta mada)

Msoma Noti, barua hiyo naipenda mno, na nashukuru umeileta kwa kuwa nusu yake ya pili ndiyo yenye jibu langu.

Mozart anaendelea kueleza sehemu ya mwisho. Alikuwa amesikia kwamba Paris sehemu za mwisho huanza na ala zote kwa pamoja, kwa nguvu. Yeye akaanza na violini peke yake, kwa sauti ndogo, vipimo 8 tu (mafungu ya mapigo kwenye noti), kisha ghafla wote kwa nguvu. Anaandika kwamba watu, kama alivyotarajia, walipoisikia ile sauti ndogo wakasema "shhh!", na nguvu ilipokuja wakapiga makofi mara moja.

Umeona? Wasikilizaji wale wale wenye kelele, waliokuwa wanashangilia katikati ya muziki, ndio walionyamazishana wenyewe sauti iliposhuka. Hakuna aliyewaambia. Muziki uliwaambia. Makofi yao yalitoka ndani ya kile walichokuwa wanasikia, sekunde ile ile, na "shhh" yao vilevile. Huko ndiko kushiriki. Kuniuliza muziki gani wa kupikia wakati violini ziko kwenye vipimo vyake 8 hakutoki kwenye muziki, kunatoka kwenye ratiba ya kipindi.

Sidai kimya cha kaburini. Nadai anayeshika maikrofoni awe anasikiliza anachokipiga.

---

Fundi Mitambo

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya redio kwa miaka mingi, kikiwemo kituo cha muziki huu. Sikitaji, na nilishaondoka. Niwaeleze kinachotokea upande wa pili wa kioo, labda mtajua hasira mzielekeze wapi.

Kwanza hilo la sauti kukupiga teke. Sauti ya okestra ina umbali mkubwa sana kati ya ndogo na kubwa, na ya mtangazaji haina. Maikrofoni yake inapita kwenye kifaa kinachoibana sauti ibaki juu muda wote, hata akinong'ona. Ukishapandisha redio ili upate p nne, yeye lazima akuvamie. Kuna namna ya kuepuka: fundi anamshusha kidogo anapoingia baada ya kazi ya kimya, halafu anampandisha polepole. Ni kazi ya kidole kimoja. Lakini inataka fundi awe anasikiliza, na siku hizi kwenye vituo vingi mtangazaji ndiye fundi, ndiye msoma meseji, ndiye mpokea simu, yuko peke yake chumbani na skrini tatu.

Pili, redio inaogopa kimya. Si mtangazaji tu, hata mitambo. Kuna kifaa kinachosikiliza matangazo, na kikikuta sekunde kadhaa hakuna sauti kinaamini matangazo yamekatika, kinapiga kengele au kinabadilisha chenyewe kuweka muziki wa dharura. Kila kituo kina kipimo chake. Januari 2004 Okestra ya Simfoni ya BBC ilipopiga ile kazi ya John Cage ya 1952 ambayo kwa dakika 4 na sekunde 33 hakuna anayepiga noti, ikarushwa mubashara na Radio 3, ilibidi mfumo huo wa dharura uzimwe kabisa, la sivyo ungeingia kati. Mtangazaji aliyekulia kwenye mazingira hayo, akisikia besi zinafifia mkono wake unaenda kwenye swichi wenyewe. Amefundishwa kwamba kimya ni hitilafu.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Meseji zinaonekana. Zinahesabika. Katika vikao vyetu vya asubuhi mtayarishaji aliyepata meseji nyingi ndiye aliyepongezwa. Msikilizaji aliyezima taa akainamia spika hakuna namba inayomwonyesha. Kwenye skrini yetu, mtu anayesikiliza kwa dhati kabisa na mtu aliyelala usingizi na redio imewashwa walikuwa kitu kimoja: hawajatuma kitu. Nilishuhudia kipindi kizuri cha jioni, kazi nzima nzima, maelezo mafupi, kikifutwa kwa sababu kilikuwa "hakina mwitikio". Nilikaa kwenye kiti changu siku ya mwisho ya kipindi kile nikakiongoza mpaka noti ya mwisho, nikaacha sekunde 12 kabla ya kufungua maikrofoni. Niliitwa kuulizwa.

---

Mpenda Fidla

Sekunde 12. Mungu akubariki, Fundi.

---

Msoma Noti

Fundi, hoja yako ya tatu imenigusa. Inaeleza hata hizi kura za kazi bora.

Mfano ni Classic FM ya Uingereza, ambayo imekuwa ikipigisha kura kila mwaka tangu 1996 na kuzipiga hewani kazi 300 zilizoongoza. Miaka 5 ya mwanzo namba moja ilikuwa konchato (kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra) ya kwanza ya violini ya Bruch. Tangu hapo, kwa miaka mingi, nafasi hiyo imekuwa ikirudi kwa Rachmaninoff na konchato yake ya pili ya piano, au kwa kile kipande cha Vaughan Williams cha violini na okestra kuhusu ndege anayepaa. Zote nazipenda. Siwezi kusema watu wamekosea kuzipenda. Lakini mtu hupigia kura alichokisikia, na kituo hupiga kilichopigiwa kura, na mwaka unaofuata anakipigia tena. Haydn ana simfoni zaidi ya 100. Bach kaacha kantata, yaani kazi za kuimbwa pamoja na ala, karibu 200 ambazo bado tunazo. Nani atazipigia kura kama hajawahi kuzisikia? Schubert ya ndugu yetu wa Zamu ya Usiku imemfikia kwa sababu mtu mmoja aliiomba. Kwa wingi wa kura asingeisikia.

---

Mgeni wa Klasiki

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye muziki huu, miezi michache tu. Nasoma uzi nikijiona ndiye mnayemsema. Hizi chemsha bongo ndizo zilizonifanya nisiogope, maana nilidhani ni muziki wa watu waliosoma. Siku niliyotambua kipande kwa sekunde 10 nilifurahi mno. Je, ni kosa?

---

Sikio Wazi (mleta mada)

Mgeni, karibu sana, na tafadhali usiondoke na fikra hiyo. Si kosa hata kidogo, na kama maneno yangu yamekufanya ujione umekosea, naomba radhi.

Furaha yako ya kutambua kipande ni ya kweli. Swali langu ni kwa kituo: baada ya wewe kukitambua, kwa nini hawakukupigia chote? Hapo ndipo ulipokuwa na hamu kuliko wakati wowote. Walikuonjesha wakaondoa sahani.

Michezo ya namna hiyo ina mahali pake, na wapo waliolijua hilo zamani. Metropolitan Opera ya New York imekuwa ikirusha opera zake redioni Jumamosi mchana tangu Desemba 1931, na tangu 1940 wana chemsha bongo yao. Wasikilizaji walituma maswali kwa barua, nyumba kwa nyumba, miaka na miaka. Unajua waliiweka wapi? Kwenye mapumziko kati ya tendo na tendo. Pazia likifunguliwa, kimya, opera inaendelea. Watu wameipenda kwa vizazi na hakuna aliyeona muziki umeibiwa kitu.

---

Zamu ya Usiku

Mleta mada, nikuulize kwa nia njema. Unataka nini hasa? Kwa maneno ya kawaida, ya mtu kuyapeleka kituoni.

---

Sikio Wazi (mleta mada)

Nimelifikiria tangu jana.

Nataka meseji ije kabla ya kazi, au isubiri mpaka kazi iishe na kimya chake kiishe. Kwa sababu kile kimya ni cha kazi yenyewe. Agosti 2010 kule Lucerne, Claudio Abbado aliongoza Simfoni ya 9 ya Mahler. Ukurasa wa mwisho wa ile simfoni ni ala za nyuzi peke yake, zimewekewa vizibo vya kupunguza sauti, noti zinaachana mbali mbali, na mwishoni Mahler ameandika neno la Kijerumani lenye maana ya kufifia kama anayekata roho. Noti ya mwisho ilipoisha, Abbado hakushusha mikono. Ukumbi mzima ukakaa. Hakuna kofi, hakuna kikohozi, kwa karibu dakika 2. Rekodi ipo, unaweza kuitazama: unaona nyuso za wapigaji, hawasogei, na unajua nyuma ya kamera kuna mamia ya watu wameshikilia kitu kimoja kwa pamoja bila hata mmoja kukiachia. Kisha ndipo makofi. Sijawahi kuona hadhira inayoshiriki kuliko ile.

Sidai dakika 2 redioni, Fundi katueleza mitambo ilivyo. Sekunde 10 zinanitosha.

Na nataka anayeomba wimbo apigiwe wote. Basi. Hayo mengine, mashindano, salamu, sauti za simu, wayapangie saa yake, hata mbili kwa siku, nitayasikiliza na huenda nikashiriki.

---

Fundi Mitambo

Sekunde 10 zinawezekana kwenye kituo chochote. Kipimo cha kile kifaa kinarekebishwa kwa dakika moja. Waandikie hivyo hivyo, taja sekunde, taja kazi, taja saa iliyorushwa. Barua yenye saa na dakika huwa inafika kwa fundi, kwa kuwa tunalazimika kurudi kwenye rekodi ya matangazo kuangalia. Ya hasira tupu inaishia mapokezi. Na mwambie na mwenzio aandike. Mkinyamaza, kwenye skrini yao mmelala.

---

Sikio Wazi (mleta mada)

Nimeandika, Fundi. Nimetaja dakika. Nimeweka na maneno ya Zamu ya Usiku kuhusu Schubert, bila kumtambulisha, kuonyesha meseji moja iliyokaa mahali pake inavyoweza kumleta mtu.

Halafu nimefanya kitu ambacho sijawahi kukifanya maisha yangu yote: nimetuma meseji kwenye kipindi chao cha maombi. Nimeomba Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, sehemu zote nne. Nimewaandikia wasisome jina langu wala ujumbe wangu, waseme tu nani anaongoza na okestra gani, halafu waiache mpaka besi zinyamaze. Kipindi ni keshokutwa saa 3 usiku. Zamu ya Usiku, kama utakuwa kazini, washa.

---

Zamu ya Usiku

Nitakuwepo. Nitapandisha sauti mwishoni.